Yule msomaji wa Korogwe mmemjibu kwa haraka mno

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mwandishi wa ukurasa wenu wa afya, na kupitia kwake niseme na msomaji wa Korogwe aliyeuliza swali wiki iliyopita. Aliuliza kwa nini akishakula usiku na kujilaza, kifua humuwaka na moyo humwenda mbio hadi anasikia mapigo masikioni. Akajibiwa kwa mstari mmoja na nusu: ni gesi, apunguze kahawa na pilipili, asiwe na wasiwasi. Nilisoma jibu lile nikiwa na pini mdomoni, nikazitema zote juu ya meza.

Sisemi kwamba mmedanganya. Mmesema nusu ya ukweli, na ile nusu mliyoiacha mimi nimeiona kwa macho yangu ikimlaza mtu hospitali. Nitafika huko.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona kanzu hapa Ngamiani, Tanga, na mwaka huu natimiza miaka 57. Kazi ya fundi ni kuinama: kifua juu ya meza, tumbo limekunjwa, miguu kwenye pedali, tangu asubuhi hadi alasiri na baada yake. Ramadhani ikiingia kumi la mwisho ndipo hakuna kulala kabisa. Kila mtu anataka kanzu ya Idi, na kila mtu anataka yake itangulie, hata yule aliyeleta kitambaa jana.

Ilikuwa kumi la mwisho hilohilo, mwaka juzi. Tulifuturu uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, kaimati na sambusa. Nikarudi kwenye mashine hadi saa 6 usiku, nikala tena wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikashushia kahawa chungu vikombe 3, nikajitupa kitandani. Usingizi haujanichukua, maji machungu yakanipanda kooni na kifua kikawaka kama nimemeza kaa. Hilo nilikuwa nimelizoea miaka mingi. Lililofuata sikulizoea. Moyo uliruka pigo moja, ukasita kama sindano iliyogota kwenye mshono mnene, kisha ukashika mbio. Nikakaa kitako, nikabeua mara mbili tatu, ukapungua. Nikajilaza, ukaanza upya. Hadi daku nilikuwa nimeketi kizingitini nahesabu paka.

Hapa kwetu mtu akisema moyo unamwenda mbio usiku hakosi waganga. Mama watoto alisema presha. Shemeji yangu alisema jini la baharini, na ninyi wa mikoa mingine mnaotusema sisi wa Tanga kwa mambo hayo sasa mtafurahi. Kijana wa duka la dawa alisema alsa, kabla sijamaliza kueleza. Barazani kwenye kahawa kila mmoja alikuwa na jamaa yake aliyeanza hivyohivyo akafa. Kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, nililinywa, sikulidharau wala silidharau leo, ila nililinywa saa 5 usiku nikiwa nimetoka harusini kula biriani, kwa hiyo lisipofanya kazi asilaumiwe aliyeliandika.

Niliyemsikiliza zaidi, kwa bahati mbaya, ni yule wa duka la dawa. Alinipa kapsuli za omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Kifua kikapoa, nami nikawa mteja wake wa kudumu. Kila zikiisha napita, naonyesha ganda, napewa nyingine. Hakuna siku niliyoulizwa nazimeza tangu lini wala nani kaniandikia. Ikapita zaidi ya mwaka. Kiungulia kilipungua, lakini usiku mojamoja moyo uliendelea kukimbia, na hilo ndilo lililonipeleka hospitali.

Daktari aliyenipokea ni binti, rika la mwanangu wa tatu. "Shikamoo baba," akaniambia, nami nikamwona mdogo mno kwa moyo wangu. Akanipima presha, ikawa sawa. Akanilaza, akanibandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye milima na mabonde. Akaitazama, akasema ni safi. Nikashukuru Mungu, nikaanza kuvaa shati. Akanizuia. "Baba, karatasi hii imeusoma moyo wako sekunde 10 tu, tena saa 4 asubuhi, umepumzika. Wewe umekuja kwa habari za usiku."

Hapo nikamheshimu. Fundi hawezi kukisia urefu wa jora kwa kuona upindo wa inchi moja.

Kabla ya kulishitaki tumbo alinipima damu. Alitaka kujua kama damu imepungua na kama tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, maana vyote viwili huupeleka moyo mbio. Akaniuliza kama nina pumu, kwa kuwa dawa ya kuvuta nayo huchochea mapigo. Akauliza kahawa, sigara, homa, kama nakunywa maji ya kutosha. Hapo nikaelewa kwamba moyo kwenda mbio una milango mingi, na tumbo ni mmoja tu kati yake. Vipimo vilipokuja vizuri ndipo akachukua futi kamba yangu, ambayo huwa sitoki bila kuwa nayo shingoni, akanifundisha.

Umio, lile bomba la chakula, akasema, kwa mtu mzima una sentimita 25 hivi. Kwenye futi kamba ni inchi 10. Akaninyooshea mbele ya kifua. Unashuka nyuma ya moyo, na chumba cha juu cha kushoto cha moyo kinakaribia kuugusa, kama nyumba mbili zilizojengwa ukuta kwa ukuta. Mwisho wake, pale unapoingia tumboni, pana msuli wa duara unaofunga na kufungua kama kamba ya kiuno cha suruali. Kamba ikilegea, au tumbo likijazwa kupita kiasi kisha likakunjwa, asidi hupanda. Tumbo lina utando wake wa kujikinga na asidi ile. Umio hauna kinga kama hiyo, ndiyo maana unaungua. Kiungulia chetu kimetokana na kuungua kwenyewe. Waingereza wao wanasema ni moyo unaoungua, na ukishaupata usiku huwezi kuwabishia.

Kisha kuna mshipa mrefu wa fahamu, vagasi, unaotoka kwenye ubongo, unapita shingoni, unatoa matawi kwa moyo, halafu unafuatana na umio hadi tumboni. Moyo na tumbo wanatumia waya mmoja. Kwa kawaida mshipa huo ndio unaoutuliza moyo, kama mguu wa fundi unavyolegeza pedali. Umio ukiunguzwa, au tumbo likivimba kwa gesi na kukisukuma juu kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, ujumbe kwenye waya ule unaweza kuchafuka, mapigo yakaruka. Halafu mwenye moyo anaogopa. Hofu peke yake inatosha kumwaga adrenalini mwilini, na hapo mbio ndizo zinapokolea.

"Sasa kipi kinaanza, daktari? Tumbo, moyo au woga?"

"Ndiyo maana tutaandika," akasema.

Binti yangu, aliyesomea uuguzi, alinisomea baadaye kwenye simu kwamba habari ya tumbo kuusumbua moyo iliandikwa mwaka 1912 na daktari wa Kijerumani, Ludwig Roemheld. Nilicheka. Mwaka huo Wajerumani walikuwa hapa kwetu Tanga na reli yao ya kwenda Moshi ikiwa bado mpya. Sisi mpaka leo tunaambiana ni jini. Akanisomea pia, na hili naomba mliandike siku moja kwa kirefu, kwamba watu wenye kupandwa na asidi mara kwa mara wameonekana kupata zaidi lile tatizo la moyo kudunda ovyo bila mpangilio, lakini haijathibitishwa kwamba asidi ndiyo inayolileta, kwa sababu unene, umri na pombe huchochea yote mawili. Kuonekana pamoja sokoni si kuoana.

Daftari lenyewe ni lile la vipimo vya wateja. Ukurasa wa kushoto utakuta mabega 18, mkono 24, urefu 56. Wa kulia ni mimi. Nilifundishwa kuweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, nitazame saa ya ukutani sekunde 30, nizidishe mara 2. Mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100. Nanukuu kama nilivyoandika:

Jumanne. Chapati 3 na maharage ya nazi, saa 3:30 usiku. Kulala saa 4. Saa 5 kifua kinawaka, mapigo 112, yanaruka. Nimekaa, nimebeua. Saa 5:20 mapigo 84.

Jumatano. Nimekula saa 1. Kulala saa 4. Usingizi.

Ijumaa. Harusi Makorora. Pilau, soda 2, saa 4:30 usiku. Mapigo 120 au zaidi. Sikuhesabu vizuri, mkono ulitetemeka.

Jumapili. Chai na mkate saa 12 jioni, basi. Saa 6 usiku mapigo 108. Kifua hakiwaki. Mwenye kanzu 12 hajalipa.

Nililiandika wiki 3. Katika usiku 21, moyo ulikimbia usiku 9. Mara 6 nilikuwa nimekula kwa kuchelewa na kushiba. Mara 1 ilikuwa kahawa bila chakula. Mara 2 hapakuwa na chakula cha kuchelewa wala kahawa, palikuwa na deni. Pilipili, ambayo kila mtu huisingizia na ninyi mmeisingizia, kwangu haikuonekana na hatia hata mara moja. Mafuta, wingi wa chakula na machungwa ya Muheza ya usiku ndio waliokamatwa. Pengine kwa mwingine ni pilipili. Binti daktari alipekua kurasa zile taratibu, akacheka kwenye ile ya Jumapili, akasema, "Tumbo lina kesi ya kujibu, baba, lakini haliko peke yake kizimbani." Akaniambia kama daftari lingeshindwa kutuonyesha kitu, kipo kifaa kidogo cha kuvaa kifuani usiku na mchana, saa 24, kinachoandika kila pigo, na kwamba hata sasa mbio zikiongezeka atanivisha.

Kisha akaniuliza habari ya kapsuli. Nilipomwambia ni zaidi ya mwaka akakunja uso. Dawa ile ni nzuri kwa aliyeandikiwa, akasema, na humezwa nusu saa kabla ya kula. Mimi nilikuwa naimeza baada ya kula, nikiwa napanda kitandani. Lakini ukiimeza kwa muda mrefu bila kuangaliwa inaweza kushusha madini ya magnesiamu mwilini, na magnesiamu ikishuka sana, moyo wenyewe hupiga ovyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari hiyo mwaka 2011. Hebu fikiri, Mhariri: mtu anakwenda dukani kutafuta dawa ya tumbo linaloukimbiza moyo, na dawa ileile, ikitumiwa kiholela, inaweza kuukimbiza. Yangu ilipimwa, haikuwa imeshuka. Alinipunguzia kapsuli kidogokidogo, kwa kuwa ukiacha ghafla asidi hurudi kwa kishindo.

Sasa nifike kule nilikoahidi.

Nina jirani, mzee wa makamo yangu, zamani alifanya kazi bandarini. Ana kisukari. Baada ya mimi kupona nilijiona daktari wa mtaa. Jioni moja barazani alishika kifua akasema kiungulia kinamsumbua siku ya pili sasa, kifua kizito, moyo unamdunda. Alikuwa amekunywa maziwa, amekunywa maji ya magadi, ametafuna vidonge vya magnesiamu vya kupoza asidi. Taya lilimuuma, akadhani jino. Nikaona jasho jembamba kwenye paji la uso na upepo wa kusi ukipuliza, nikaliona kabisa, lakini nilikuwa na hamu ya kueleza habari ya umio na vagasi. Nikamwambia maneno yaleyale mliyomwambia msomaji wa Korogwe. "Ni gesi hiyo, kaka. Punguza kahawa, usilale na shibe."

Alitii. Hakula usiku ule. Saa 9 alfajiri mwanawe alimpakia kwenye bajaji hawezi kuvuta pumzi. Mshipa wa damu wa moyo ulikuwa umeziba.

Yu hai, alhamdulillahi. Msikitini, ambako zamani alikuwa akifika kabla ya muadhini, sasa anakwenda kwa kupumzika mara mbili njiani, na mara ya kwanza huwa ni kwenye benchi langu. Hajawahi kunilaumu. Ananiomba maji, tunazungumza habari za Coastal Union, anaondoka. Mimi ndiye nisiyeweza kushona akiwa ameketi pale.

Binti daktari hakunificha nilipomwuliza. Mwenye kisukari, na wanawake pia, mshtuko wa moyo unaweza kuwajia bila yale maumivu makali ya kuanguka. Ukaja kama kiungulia, kichefuchefu, uchovu. Maziwa na magadi hayawezi kutofautisha. Hata kupata nafuu baada ya kubeua hakuthibitishi kitu. Kifua kikiwa kizito kama kimekaliwa, maumivu yakienda mkononi, shingoni au tayani, jasho baridi likitoka, pumzi ikikata, mtu akizimia au kutaka kuzimia, au moyo ukikimbia umekaa tu na haurudi, hiyo si saa ya daftari wala ya barua kwa mhariri. Ni saa ya bajaji.

Maneno hayo, Ndugu Mhariri, yangechukua mistari 5 katika ukurasa wenu. Mlikuwa na nafasi. Chini ya jibu lile mlichapisha picha ya tangawizi.

Kwangu mimi, kwa kuwa nilipimwa kwanza, mengine yalikuwa mepesi. Seremala alinikatia vipande 2 vya mbao vya inchi 6, nikaviweka chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Kurundika mito nilijaribu, inakukunja kiunoni na kuzidisha yaleyale. Mama watoto analalamika kwamba usiku anateleza kuelekea miguuni kama mzigo kwenye jahazi lililolala upande, lakini amezoea. Nalala ubavu wa kushoto. Nakula saa 1, nalala saa 4. Mkanda nimeuacha, nimejishonea suruali ya kamba, jambo la aibu kwa fundi kukumbuka kiuno chake mwishoni. Baada ya chakula cha mchana sikai kwenye mashine. Kazi zote za pasi nimezihamishia saa hiyo, nazifanya nimesimama. Kahawa imebaki kikombe kimoja, asubuhi. Hicho hakuna daktari atakayeninyang'anya. Mwezi uliopita moyo umekimbia usiku mmoja, na ulikuwa usiku wa kulipa kodi ya pango.

Ninachoomba ni kwamba mumwandikie tena msomaji wa Korogwe. Mwambieni huenda kweli ni tumbo, na si aibu wala si uchawi tumbo kuusumbua moyo. Lakini mwambieni pia kwamba neno "ni gesi" anaruhusiwa kulisema mtu aliyeutazama moyo wa huyo msomaji kwanza, na wala si mimi wala ninyi. Kama anasoma barua hii kabla hamjamjibu, na safari ya hospitali ikimleta Tanga, apite Ngamiani aulize kwa fundi wa kanzu mwenye benchi la bluu nje. Nitampa daftari tupu na kumwonyesha namna ya kuhesabu. Asije tu baada ya saa 1 usiku akitarajia kukaribishwa chakula, maana saa hiyo vyombo vimeshaoshwa.

Wasalaam,

Fundi wa kanzu,
Ngamiani, Tanga